Usitupe santuri za mzee kwa sababu ya simu

Leo tuzungumzie jambo ambalo huenda ukaliona dogo, lakini ambalo limeanza kuleta utengano katika nyumba nyingi. Jambo lenyewe ni muziki.

Mama mmoja wa Nakuru ameniandikia akiomba ushauri. Mumewe amestaafu, na mwisho wa mwezi huu wanahama kutoka nyumba ya kupanga waende kuishi shambani. Mzee ana katoni nne zilizojaa santuri na kanda alizonunua tangu akiwa kijana: benga, rumba, taarab na kwaya. Watoto wao, ambao ndio wanaolipia lori la kubebea vyombo, wamesema katoni hizo zisipakiwe. Hoja yao ni kwamba nyimbo zote hizo zimo ndani ya simu, na tena kinanda cha kuchezea santuri kiliharibika miaka mingi iliyopita.

Tangu siku hiyo, mzee haketi mezani watoto wakija. Mama anauliza ni nani mwenye haki, na afanye nini kabla lori halijafika.

Kwanza tuwatendee haki vijana, kwa maana hawakusema uongo mtupu. Wakati wa ujana wa mzee huyu, mtu aliyetaka wimbo mmoja alilazimika kufunga safari hadi mjini. Santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika, zilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, na ilikubidi uigeuze santuri ndipo usikie utamu wenyewe wa magitaa.

Leo mambo ni mengine. Spotify iliingia Kenya mwezi wa Februari mwaka wa 2021, na kuna Boomplay, Apple Music na YouTube. Ukitaka kumsikia Franco, aliyefariki mwaka wa 1989, au Les Wanyika, huhitaji hata kuinuka kitini. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kusikiliza magitaa ya Mali asubuhi na ngoma za Brazil jioni. Hiyo ni neema ambayo baba zetu hawakuiota.

Lakini, ndugu msomaji, neema hiyo ina masharti yake, na ni vyema tuyajue kabla ya kutupa kitu.

Sharti la kwanza ni kwamba unachokilipia si wimbo, bali ni ruhusa ya kuusikiliza. Ni sawa na nyumba ya kupanga. Unalala humo kwa raha maadamu kodi inalipwa, lakini huwezi kumwachia mwanao. Hata zile nyimbo unazoambiwa umezipakua ndani ya programu si mali yako. Spotify, mathalan, hutaka simu yako iunganishwe na mtandao angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo hizo hunyamaza. Ukiacha kulipa, nazo zinakwenda zake.

Kodi yenyewe si ada ya mwezi peke yake. Kusikiliza kwa ubora wa wastani hula takriban megabaiti 72 za data kwa saa moja. Nyumba inayocheza muziki saa nne kila siku hutumia karibu gigabaiti 9 kwa mwezi. Santuri ya mzee ililipiwa mara moja tu.

Sharti la pili ni kwamba mwenye nyumba anaweza kuondoa kitu bila kukuuliza. Tarehe 1 Machi 2021, mamia ya nyimbo za Korea Kusini ziliondoka Spotify kwa siku kadhaa kwa sababu mkataba na msambazaji wake ulikuwa umemalizika. Januari mwaka wa 2022, mwanamuziki Neil Young aliondoa nyimbo zake huko kwa sababu ya mzozo, na hazikurudi hadi mwaka wa 2024. Google nayo ilifunga huduma yake ya Google Play Music mwishoni mwa mwaka wa 2020. Waliokuwa wameweka nyimbo zao humo walipewa muda wa kuzihamisha, na aliyechelewa alizikosa.

Kisa cha MySpace ndicho kikubwa kuliko vyote. Mwaka wa 2019 mtandao huo ulikiri kwamba nyimbo zilizowekwa humo kwa zaidi ya miaka 10, hadi mwaka wa 2015, zilipotea wakati wa kuhamisha data kutoka mitambo ya zamani hadi mipya. Ilikadiriwa kwamba zilikuwa milioni 50. Kumbe hata wakubwa hupoteza mizigo siku ya kuhama!

Jambo la tatu ndilo linalowahusu zaidi watoto wa Nakuru. Si kweli kwamba nyimbo zote zimo ndani ya simu. Santuri nyingi za benga zilitolewa na makampuni madogo, mengine yakiwa ni duka moja tu River Road jijini Nairobi au mjini Kisumu. Mwenye duka alipofariki, au duka lilipofungwa, aghalabu hakubaki mtu wa kuzipeleka nyimbo zile mtandaoni. Ndivyo ilivyo kwa kanda nyingi za taarab zilizorekodiwa katika harusi za Mombasa, na kwa kwaya za makanisa ambazo waimbaji wenyewe waliuza kanda zao mlangoni baada ya ibada.

Na je, ile kanda ambayo mzee alirekodi mwenyewe? Katika katoni nyingi za namna hii utakuta kanda isiyo na jina, ambayo ndani yake mna nyimbo za harusi, sauti ya nyanya akiwabariki maharusi, au hotuba ya babu ambaye wajukuu hawakumwona. Sauti kama hizo hazimo katika simu ya mtu yeyote duniani.

La nne ni mwanamuziki mwenyewe. Tangu mwaka wa 2024, wimbo usiosikilizwa angalau mara 1,000 kwa muda wa miezi 12 haupati kitu katika mgao wa Spotify. Basi ikiwa msanii unayempenda ni mzee wa kijijini mwenye wasikilizaji mia tatu, kumsikiliza huko huenda kusimpe hata senti. Kumnunulia kanda, sidii au wimbo wenyewe ndiko kumsaidia.

Sasa tumgeukie mzee, maana naye ana lake la kuambiwa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Naam, lakini kanda huoza. Utepe wa kanda huharibiwa na joto, vumbi na unyevu, na ukungu ukiingia sauti hufifia. Santuri zikilazwa moja juu ya nyingine katika chumba chenye joto hupinda. Mtu ambaye kinanda chake kiliharibika miaka mingi iliyopita na hajatafuta kingine hana muziki; ana mizigo. Akikaa nazo miaka mingine kumi bila kuzicheza, watoto wake watarithi plastiki.

Isitoshe, akina baba wengi walikuwa na desturi ya kuwakataza watoto wasiguse redio wala santuri. Sebuleni palikuwa na kona ya baba, na mtoto aliyeikaribia alikiona cha mtema kuni. Mtoto aliyelelewa hivyo ana sababu gani ya kulilia katoni za baba leo? Hatuwezi kumlaumu kwa kutopenda kitu ambacho hatukumruhusu kukijua.

Ushauri wangu basi ni huu. Muziki wa nyumba ugawanywe mara mbili. Ule wa kupita, unaovuma mwezi huu na kusahauliwa mwezi ujao, ukodini simuni, hakuna hasara. Lakini ule wenye mizizi katika aila uwe mali yenu, mahali ambapo hakuna kampuni inayoweza kuuondoa. Kipimo ni rahisi. Jiulize: wimbo huu ukitoweka kesho, kuna mtu nyumbani atakayeulilia?

Kwako wewe, mama, usikubali kufanywa hakimu kati ya mume na watoto. Waweke pamoja alasiri moja kabla ya lori, na katoni ziwe katikati. Watoto wamesema nyimbo zote zimo ndani ya simu. Haya, na wazitafute, moja baada ya nyingine, mzee akiwatajia majina. Watazipata nyingi na watakosa nyingi, na kila upande utajifunza jambo.

Kutokana na zoezi hilo fanyeni mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zile ambazo hazipatikani kwingine, pamoja na kanda zote za sauti za aila. Hizi zipande lori hata kama kiti kitaachwa. Fungu la pili ni zile zinazopatikana mtandaoni lakini mzee anazipenda kwa dhati. Achague mwenyewe ni ngapi. La tatu ni zile ambazo hata yeye hazikumbuki. Hizo zisiende jalalani, kwani wako watu wanaonunua santuri kuukuu. Soko la Kenyatta Market jijini Nairobi limejulikana kwa biashara hiyo kwa miaka mingi.

Mkishafika shambani, anzeni kunakili. Si kazi ya kitaalamu. Kunahitajika redio ya kaseti iliyo nzima, waya wa kutoka kwenye tundu lake la visikizi hadi kwenye tarakilishi, na programu ya kurekodi kama Audacity, ambayo ni ya bure. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, kisha uizungushe kanda yote mbele na nyuma kabla ya kuicheza. Anzeni na zile za sauti za aila, si zile za wanamuziki maarufu.

Sitaki kuwadanganya kwamba ni kazi ya siku moja. Kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60 kunakiliwa, hakuna njia ya mkato. Kanda 100 ni jioni 100, yaani zaidi ya miezi mitatu. Lakini mzee aliyestaafu ana jioni, na mjukuu aliye likizoni anaweza kuwa fundi wake. Huenda wakazungumza katika saa hizo kuliko walivyozungumza miaka yote.

Nafasi si tatizo. Wimbo wa dakika nne ukihifadhiwa kwa ubora wa kawaida huchukua takriban megabaiti 4. Nyimbo 1,000 ni gigabaiti 4, nazo hutoshea katika flashi ndogo kuliko kidole. Hata hivyo msitegemee flashi moja. Wekeni nakala tatu, na mojawapo ikae katika nyumba nyingine, kwa mtoto wa mjini. Kila mwaka zifungueni muone kama bado zinafanya kazi, kwa kuwa flashi nazo hufa.

Jambo moja msilisahau: andikeni majina. Nani anaimba, santuri ilinunuliwa wapi, ilichezwa siku gani ya furaha au ya msiba. Sauti inaweza kunakiliwa baada ya mzee kuondoka, lakini maelezo yake hayawezi.

Na tuheshimu sheria. Kunakili santuri yako kwa ajili ya masikio ya nyumbani si sawa na kuchapisha nakala za kuuza au kuuweka wimbo mtandaoni kana kwamba ni wako. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya wimbo hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Mara nyingi wajane na watoto wake ndio wanaostahili jasho hilo.

Ukitaka kujua kazi hii inaweza kufika wapi, mtazame marehemu Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwezi wa Oktoba mwaka wa 2018. Mjukuu wake, ambaye pia ni mwanamuziki na anajulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake katika mtandao wa Bandcamp, mahali ambapo mtu hununua wimbo na kubaki nao. Kijana huyo hakuuchukia mtandao, wala hakuitupa kazi ya babu. Amekitumia kipya kukiokoa cha kale. Nalo kundi la Ketebul Music la Nairobi, lililoanzishwa mwaka wa 2007, limefanya juhudi kama hizo kwa wanamuziki wengi wa zamani, na mwaka wa 2008 lilitoa mkusanyo wa historia ya benga.

Nawe kijana unayesoma ukurasa huu ukidhani hayakuhusu kwa kuwa huna katoni wala kanda, hebu fikiri tena. Iko siku mwanao atauliza wewe na mamake mlicheza wimbo gani siku ya harusi yenu. Utamwonyesha nini, risiti ya ada ya mwezi? Chagua nyimbo 20 ambazo ndizo nyumba yako. Zinunue, zihifadhi, uziandikie majina. Nyinginezo endelea kukodi, hakuna atakayekulaumu.

Hadi tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, kumbuka kwamba msala upitao ni mzuri kwa kuswalia, lakini hauchi nawe ndani ya nyumba. Usiache mbachao.