Spika za Sebuleni: Waamue Macho au Masikio?

Katika nyumba nyingi za mijini, sebule ni chumba chenye wenyewe wengi. Humo wageni hupokelewa, watoto hufanya mazoezi yao ya shule, bibi husikiliza taarifa ya habari, na pengine ndugu aliyefika kwa ghafla hutandikiwa godoro usiku. Kwa hiyo chombo kiwekwacho sebuleni hakiwi cha yule aliyekilipia peke yake. Mfano ulio wazi ni spika ndefu za kusimama sakafuni, zile zenye kimo cha mita moja hivi. Jozi moja ya daraja la juu huweza kugharimu fedha za kununulia gari. Hata zikiwa kimya huonekana mchana kutwa, na zikiwashwa hakuna aliyemo nyumbani asiyezisikia. Kusudi la makala haya ni kutetea rai moja: uchaguzi wa chombo kama hicho uongozwe na kanuni za fizikia na haki ya wote wanaokitumia chumba, uzuri wa umbo nao uzingatiwe, lakini usitangulie.

Yafaa kwanza tukumbushane jinsi spika ifanyavyo kazi. Muundo unaotumika zaidi mpaka leo ulielezwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg. Koili ya waya huwekwa ndani ya uga wa sumaku na kuunganishwa na kiwambo chepesi. Mkondo wa umeme unapobadilika katika koili, kiwambo husukumwa mbele na nyuma, nacho huisukuma hewa, na mitetemo hiyo ndiyo sauti. Kazi hii hufanyika kwa hasara kubwa: katika spika nyingi za nyumbani, chini ya sehemu moja katika mia ya umeme unaoingia hugeuka kuwa sauti, na sehemu iliyobaki huishia kuwa joto.

Je, umbo refu na jembamba ni pambo tu? La. Sauti nene huhitaji kasha lenye nafasi kubwa ya hewa, na sauti nyembamba hutakiwa zitoke penye kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, yaani karibu sentimita 90 hadi 100. Kasha refu hutimiza mahitaji yote mawili huku likichukua eneo dogo la sakafu. Kadhalika kingo zilizoviringwa zina maana yake. Mwaka 1951 Harry Olson wa Marekani alichapisha vipimo vya makasha ya maumbo mbalimbali. Ilidhihirika kuwa kasha la mviringo kama mpira hutoa sauti iliyo sawia kuliko lile la mchemraba, kwa sababu kingo kali hurudisha sehemu ya mawimbi na kuyavuruga yale yatokayo mbele. Hapa basi uzuri na sayansi huenda pamoja, na mwenye nyumba apendaye umbo laini hana sababu ya kuona haya.

Lakini wahenga walisema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Macho yana tabia ya kuyatolea masikio hukumu. Mwaka 1994 Floyd Toole, aliyekuwa amefanya utafiti wa spika kwa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, pamoja na mwenzake Sean Olive, walitoa taarifa ya jaribio lililowahusisha wasikilizaji 40. Watu hao walizipima spika za aina nne mara mbili: kwanza zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia, na kisha zikiwa wazi. Walipoziona, maksi zao zilibadilika. Spika kubwa za kupendeza zilipanda, na mfumo mdogo wa bei nafuu ukashuka, ingawa sauti zilizotoka zilikuwa zile zile. Wasikilizaji hao hawakuwa wageni katika jambo hili, kwani walikuwa watumishi wa kampuni itengenezayo spika. Ikiwa wao walipotoshwa na macho yao, sisi tunaoingia dukani kwa mara ya kwanza tutasalimika vipi?

Sasa tuiangalie haki. Vitabu vya maelekezo huonyesha msikilizaji mmoja ameketi peke yake katika pembe ya tatu ya pembetatu, na spika mbili zikiwa katika pembe nyingine. Picha hiyo yaweza kumfaa mseja, lakini katika sebule ya jamaa mmoja huketi pale katikati, na wengine watano huketi ubavuni, mkekani au karibu na mlango. Kanuni ya mawimbi hutueleza kuwa kiwambo husambaza sauti pande zote iwapo urefu wa wimbi ni mkubwa kuliko kipenyo chake. Wimbi likiwa fupi, sauti huelekea mbele tu kama mwanga wa tochi. Kiwambo cha sentimita 17 huanza kubana sauti kwa dhahiri karibu na mitetemo 2,000 kwa sekunde, kwa kuwa hapo urefu wa wimbi ni sentimita 17. Ndiyo sababu ikawekwa saketi ya kugawa sauti, ili zile nyembamba zipelekwe kwenye kiwambo kidogo cha sentimita 2.5 hivi. Mgawanyo huo ukifanywa vibaya, aliye katikati atasikia maneno vizuri, na aliye ubavuni atasikia sauti iliyofifia kana kwamba msemaji amefunikwa blanketi. Utafiti wa Toole ulionyesha kuwa watu wengi, wasipoziona spika, hupendelea zile ambazo sauti yake ni sawia mbele na pia hubadilika polepole, bila kuruka, mtu anaposogea pembeni.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha kwanza kwa sebule ya watu wengi. Dukani, mnunuzi aombe kusikiliza taarifa ya habari ikisomwa, maana kila mtu aijua sauti ya binadamu. Kisha atembee kutoka kiti hadi kiti. Sauti ya msomaji ikibaki ya mtu yule yule, spika hiyo inawatendea haki wote. Ikibadilika, haifai, hata kama kasha lake linang'aa namna gani.

Jambo la pili ni chumba chenyewe. Mwaka 1895 Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alitakiwa kuponya ukumbi wa mihadhara ambamo neno lililotamkwa liliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde 5. Aliingiza mito ya viti kidogo kidogo na kupima mabadiliko, akapata kanuni ambayo kila mwanafunzi aweza kuitumia: muda wa mvumo, kwa sekunde, ni 0.16 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, ukigawanywa kwa jumla ya unyonyaji wa sauti kwa mita za mraba. Dirisha lililo wazi hunyonya sauti yote inayoliangukia, kwani hairudi tena. Ukuta wa saruji hunyonya karibu sehemu 3 tu katika 100.

Tuchukue sebule ya urefu wa mita 5, upana mita 4 na kimo mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 60, na jumla ya nyuso zake ni mita za mraba 94. Ikiwa mita 2 za mraba ni madirisha yaliyo wazi na mahali palipobaki ni saruji tupu, unyonyaji ni karibu 4.8, na mvumo ni sekunde 2. Katika chumba hicho hata spika ya thamani kubwa itasikika kama mtu asemaye ndani ya pipa. Sasa tutandike zulia nene la mita 12 za mraba, tutundike mapazia mazito, tuweke makochi na watu watano. Kwa makadirio ya kawaida unyonyaji utakaribia 15, na mvumo utashuka hadi karibu sekunde 0.65. Zulia na mapazia hugharimu sehemu ndogo ya bei ya spika za daraja la juu, na huwanufaisha hata wale ambao siku hiyo hawasikilizi muziki. Kwa hiyo fedha za kwanza zitumike hapo.

Sauti nene ni shauri lingine, kwa maana zulia haliziwezi. Katika hewa yenye joto la nyuzi 25, sauti husafiri karibu mita 346 kwa sekunde. Chumba chetu cha mita 5, 4 na 3 kwa hiyo huitikia kwa nguvu mitetemo ya karibu 35, 43 na 58 kwa sekunde, ambapo nusu ya urefu wa wimbi ni sawa na umbali wa kuta mbili, au wa sakafu na dari. Spika kubwa mno inayoshuka hadi mitetemo 25 itaamsha mivumo yote hiyo, hasa ikisukumwa pembeni mwa kuta za saruji, na besi hiyo nzito ndiyo ipenyayo ukuta hadi kwa jirani. Katika sebule ya kadiri hii, spika ya kimo cha wastani, iliyosogezwa nusu mita au zaidi kutoka ukutani, mara nyingi itatoa sauti safi kuliko jitu la bei maradufu.

Wapo pia wanaovutiwa na idadi ya wati. Tufanye hesabu. Spika ya kawaida hutoa desibeli 87 kwa umbali wa mita 1 ikipewa wati 1. Jozi yake, kwa msikilizaji aliye mita 2.5, itatoa karibu desibeli 84 chumbani. Kwa usikilizaji wa utulivu wa desibeli 75, yatosha wastani wa moja ya nane ya wati, na wati chache zaidi kwa ajili ya vilele vya muziki. Tofauti kati ya amplifaya ya wati 100 na ya wati 200 ni desibeli 3 tu.

Zaidi ya hayo, masikio ya mtoto hayana vipuri. Kwa vifaa vya kusikilizia vya binafsi, Shirika la Afya Duniani limeshauri kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma kwa watu wazima, na desibeli 75 kwa watoto; kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupunguzwa kwa nusu. Tukiitumia hesabu hiyo sebuleni, mtoto aliyezoeshwa desibeli 84 humaliza fungu lake la juma kwa saa 5. Mtu mzima aweza kutoka nje akichoshwa na kelele, lakini mtoto anayefanya hesabu zake mezani hana pa kwenda.

Usalama nao una fizikia yake. Kasha la kimo cha sentimita 100 na upana wa sentimita 20, ambalo kitovu cha uzito wake kiko katikati, huanguka likiinamishwa zaidi ya nyuzi 11. Likiwekewa kitako cha upana wa sentimita 30, kiwango hicho hufika karibu nyuzi 17. Penye mtoto anayejifunza kutembea, tofauti hiyo si ndogo. Mnunuzi wa ukanda wa pwani azingatie pia hali ya hewa: pindo la sponji linalozunguka kiwambo huoza upesi katika joto na unyevu, na lile la mpira hudumu zaidi. Ubao wa chembechembe usiofunikwa vizuri hufura ukipata maji. Mbao nzima ya mninga hupendeza, lakini hutanuka na kunywea kwa majira. Ni salama zaidi kutumia ubao ulioshindiliwa na kuvikwa gamba jembamba la mninga.

Huenda msomaji akasema kwamba anayelipa ndiye mwenye kuchagua. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama angesikiliza chumbani mwake. Sebuleni wengine hulipa pia, kwa masikio yao, kwa nafasi yao na kwa fedha ambazo zingefanya kazi nyingine nyumbani. Wengine watasema kuwa ninaudharau uzuri. Sivyo. Kitu kitakachotazamwa kila siku kwa miaka 20 lazima kiwapendeze wanaokitazama, na mama wa nyumba akataaye kuweka mbele ya dirisha masanduku meusi kama ya mizigo ana haki ya kusikilizwa. Ninalotaka ni utaratibu: masikio yachague spika tatu au nne zinazofaa kwa chumba na kwa mfuko, kisha jamaa wote wakae na kuchagua miongoni mwa hizo ile iliyo nzuri kwa macho.

Walimu wa fizikia wanaweza kulionyesha jambo hili darasani bila gharama. Zichukuliwe spika mbili za aina yoyote, zifichwe nyuma ya pazia la shashi, na zilinganishwe ukali wa sauti kwa kipimo cha desibeli au kwa programu ya simu, kwani iliyo kali zaidi hata kwa desibeli 1 huelekea kudhaniwa kuwa bora. Wanafunzi waandike maksi kwa siri, wakiwa wameketi mahali mbalimbali darasani. Baadaye pazia liondolewe na jaribio lirudiwe. Orodha mbili za maksi zikiwekwa ubaoni sambamba, darasa litaona lenyewe ni kiasi gani macho yameongeza au kupunguza, na wanafunzi wa viti vya pembeni watakuwa na neno la kuwaambia wale wa katikati.