Sehemu ya 6: Wimbo wa soksi na ukimya wa sebuleni

Waitu mama zangu, na nyie baba wachache mnaosoma kimyakimya bila ku-like, Sehemu ya 5 tuliongea maziwa ya mama. Leo naongelea muziki. Msicheke, nitafika kliniki tu.

Jumapili iliyopita mume wangu alikuwa anapiga nyimbo za zamani kwenye simu, mimi namenya ndizi. Ukaanza "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala. Kijana wetu wa miaka 13 akauliza, "Baba, hizo soksi ni za nini?" Baba mtu akajifanya hajasikia, akaruka wimbo. Na mimi nesi mzima, ninayeongea kondomu na watu nisiowajua kila siku, nikainamia ndizi zangu. Niliona aibu, ndiyo maana naandika.

Kwa mliozaliwa juzi: Remmy alizaliwa Kindu, Congo, mwaka 1947. Alikuja Dar es Salaam 1978 kupigia Orchestra Makassy, baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Nyimbo zake ni ndefu. Magitaa yanazunguka weee, halafu katikati anaanza kuongea na watu kama mzee aliyekaa barazani: umaskini, kifo, mwanamke anayelilia mtoto.

Mwaka 1988 bendi ilikwenda Ulaya na tamasha la WOMAD. 1989 ikatoka albamu ya Songs for the Poor Man, na 1992 ikafuata Mambo, zote kupitia Real World, kampuni iliyoanzishwa na Peter Gabriel wa Uingereza, yule aliyewahi kuimbia bendi ya roki ya Genesis. Albamu hizo ni safi, kila gitaa unalisikia mahali pake, na kwenye Mambo kuna nyimbo za Kiingereza. Nazipenda, nafanyia usafi wa nyumba nikizisikiliza. Ila maoni yangu ni haya: Remmy wa studio anakuburudisha, Remmy wa jukwaani anakufundisha. Jukwaani ana watu mbele yake, wanacheka, wanaitikia, naye anawarudia mpaka neno liingie. Mtu akikuona usoni ni vigumu kujifanya hujasikia.

Sasa huo wimbo wa soksi. Soksi ni kondomu, na Remmy aliuimba wakati neno kondomu lilikuwa halitamkwi mbele ya watu. Redio Tanzania haikukubali kuupiga. Enzi zile hilo halikuwa jambo dogo, kwa sababu bendi zilirekodi redioni na redio ndiyo iliyofikisha wimbo kijijini. Lakini watu waliusikia kwenye kumbi, kwenye kaseti, wakaimba mpaka watoto. Redio ilinyamaza, wimbo ukapita mlango mwingine.

Na sisi wa Kagera tulikuwa wa mwisho kustahili kunyamaziwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kutoka Uganda. Wengine walisema ni uchawi. Wengi wenu mnaosoma hapa mlilelewa na bibi, na mnajua ni kwa nini. Makaburi yako pale kwenye migomba, tunayapita kila siku.

Jirani zetu Waganda walikuwa na Philly Lutaaya. Mwaka 1989 alisimama hadharani akasema ana virusi, akaimba kuhusu upweke na hofu ya mgonjwa, akaenda mashuleni na makanisani kuongea na watu. Desemba mwaka huohuo akafariki. Huyo na Remmy hawakuwa madaktari. Walikuwa wanamuziki walioamua kusema wakati wenye kazi ya kusema wanakohoa.

Jamani, nyumba zetu nyingi leo ni ile redio. Mtoto anauliza, tunaruka wimbo.

Niliwahi kumpokea binti wa sekondari, mimba ya miezi saba, hudhurio la kwanza. Kipimo kikasoma ana maambukizi. Mama yake akalia, akaniambia, "Nesi, mimi nyumbani hata nyimbo za mapenzi nilizikataza." Sikuwa na la kumjibu. Nilichotamani kumwambia ni kwamba binti alikuwa amezisikia zote, kasoro maelezo ya mama.

Najua mtanijia. Mtasema wimbo kama ule unafundisha watoto uzinzi. Mtoto anayeuliza soksi ni nini tayari neno amelisikia, kilichobaki ni nani atamweleza: wewe, au kijana wa bodaboda? Na mtakaosema Remmy alikuwa mtu wa baa, mwisho wa maisha yake aliokoka akaimba injili, mpaka alipofariki Desemba 2010.

Ila na mimi nakubali jambo moja: wimbo ule peke yake hautoshi. Ni wa wakati ambao hatukuwa na dawa. Leo zipo. Mama mwenye virusi asipopata huduma yoyote, uwezekano wa kumwambukiza mtoto tumboni, wakati wa kujifungua au kwa kunyonyesha ni asilimia 15 hadi 45. Akianza dawa mapema na kuzimeza vizuri, unashuka chini ya asilimia 5. Yaani yule binti angekuja mapema, tungekuwa na muda mwingi zaidi wa kumlinda mwanae. Remmy asingeweza kuimba hilo, halikuwepo. Kwa hiyo pale wimbo unapoishia, mzazi endelea.

Mtoto wa miaka 13 mwambie kwa maneno yake: kondomu ni kinga ya maambukizi na mimba, kusubiri ni salama zaidi, akilazimishwa na mtu yeyote, hata ndugu, aje kwako na hutampiga. Wa miaka 15 ajue kwamba tangu 2019 sheria inamruhusu kupima VVU kwa ridhaa yake mwenyewe. Na wewe mama, ukikosa hedhi usisubiri tumbo lionekane. Njoo kabla ya wiki 12, na baba watoto umlete.

Jumapili ileile jioni nilimwomba mume wangu aurudishe wimbo. Aliurudisha, akaeleza huku anaangalia ukuta, jasho linamtoka. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili. La kwanza tulilijibu. La pili lilitushinda, tukamwambia tutamjibu kesho, na kesho yake tulimjibu.

Kwako nani anaruka wimbo? Niandikieni hapo chini, na msiotaka kuonekana njooni inbox. Sehemu ya 7 nitajibu swali mnaloniuliza sana: mama anayetumia dawa, anyonyeshe au asinyonyeshe?