Kadi ya bima ya mkazi wa Buhembe inaishia ICU ipi?

Bukoba. Kwa kaya ya Buhembe, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Bukoba, CHF iliyoboreshwa iliwekwa Sh30,000 kwa mwaka kwa watu wasiozidi sita. Kwa malaria au homa ya mtoto, hiyo ni bei poa, hakuna ubishi. Mtihani unakuja mgonjwa anapozidiwa mpaka akahitaji mashine ya kupumulia.

Kadi hiyo ina mpaka. Inaanzia zahanati na kukomea hospitali ya rufaa ya mkoa. Mgonjwa wa Bukoba au Muleba akiandikiwa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au hospitali ya kanda ya Chato, Geita, ametoka nje ya mkoa na kadi haimfuati. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa msoto wa kusubiri kivuko njia ya Mwanza. Bili halijaigusa. Ndugu wanachangishana WhatsApp, na wakikwama wanaanza kuangaliana kuhusu kibanja.

Kwa hiyo kuhesabu waliojiandikisha ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni daktari.

Mashine zenyewe si adimu kama zamani. Mkopo wa IMF wa Sh1.3 trilioni wa mwaka 2021, uliotokana na UVIKO-19, ulitumika pia kujenga ICU na majengo ya dharura nchini. Lakini mashine ya kupumulia haijiendeshi. Anayestahili kuisimamia amesoma udaktari miaka 5, akafanya utarajali mwaka 1, akasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha akarudi chuo kwa takriban miaka 3 kuwa bingwa, mfano wa ganzi na usingizi au wa tiba ya dharura. Hiyo ni miaka 9, bado ubobezi.

Na hapa cheti cha daktari kinakutana na bima. NHIF hulipa ada ya kumuona daktari kwa kufuata ngazi yake: daktari wa kawaida, bingwa au bingwa bobezi. Hospitali isiyo na bingwa inaingiza kidogo, na inayoingiza kidogo haina cha kumshawishi bingwa ahamie Kagera. Kambi za Madaktari Bingwa wa Samia, zilizoanza 2024, zimewafikisha mabingwa hadi hospitali za wilaya, wakiwamo wa ganzi na usingizi. Ni msaada wa kweli, ila ni wa siku chache. Mgonjwa wa ICU hasubiri kambi.

Kagera inajua uzito wa jambo hili. Mlipuko wa Marburg wa Machi 2023, Bukoba Vijijini, uliwapata watu 9 na kuua 6. Mwaka uliofuata ugonjwa huohuo uliingia Rwanda, jirani wa mpakani: wagonjwa 66, vifo 15. Milipuko haifanani, na wengi wa wagonjwa wa Rwanda walikuwa wahudumu wa afya waliogundulika mapema. Hata hivyo, Kigali ilifanikiwa kuwatoa wagonjwa wawili kwenye mashine ya kupumulia wakiwa hai, jambo ambalo WHO ilisema inaamini ni la kwanza Afrika kwa Marburg. Hiyo ni kazi ya mikono yenye mafunzo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 1, 2023, inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na imeweka mfuko wa wasio na uwezo unaochangiwa na ushuru wa bidhaa kama soda, pombe na vipodozi. Muswada wa 2022 ulipotajiwa Sh340,000 kwa kaya ya watu sita, wengi waliguna. Kwa mkulima wa Muleba kiasi si shida pekee, muda nao una shida yake. Hela ya kahawa huingia kwa msimu, na anayedaiwa mchango miezi ya ukata atasema hana, na atakuwa mkweli.

Basi mwandikishaji akibisha hodi Buhembe, swali la bei lije la pili. La kwanza: je, kadi hii inalipa siku za ICU, na inalipa hadi Mwanza?