Sukari ya Mtoto Mwenye Malaria
Wazazi wenzangu wa Mlabani mnaohamia mashambani msimu wa mpunga, mtoto akishikwa na malaria kali, hatari si homa pekee. Sukari ya damu huporomoka: vimelea huila, na ini hushindwa kutengeneza nyingine. Degedege na kuzimia, ambavyo wengine huvidhani ni vya jini, huenda vimetokana na hilo. Kwinini nayo huishusha zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwa watoto 5,425 wa Afrika, wakiwamo wa Korogwe na Muheza, ulionyesha vifo asilimia 10.9 kwa kwinini na 8.5 kwa sindano ya artesuneti.

Aliyezimia asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu, awekewe chini ya ulimi kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji, arudiwe kila dakika 10 hadi 20, huku safari ya hospitali ikiendelea.