Warudishieni K'Ogalo Jogoo Road

MTAZAMO WA JUMAMOSI
Na Zubeda Akinyi

Gor Mahia, K'Ogalo yetu, haina uwanja wake. Tangu Februari 1968, Luo Union na Luo Stars zilipoungana ikazaliwa, imekuwa mpangaji: leo Nyayo, kesho Kasarani, keshokutwa Machakos au Kisumu. Hata hivyo mgeni akiuliza klabu hii inakoishi, hakuna mtu wa Eastlands ya Nairobi atakayehangaika kujibu. Atamwambia apande gari la Jogoo Road ashukie Kaloleni, ambayo wenyewe twaiita Ololo, kisha ajitembelee taratibu kupitia Makongeni, Makadara na Jericho. Huko atawakuta wanaoijua K'Ogalo kuliko wanavyowajua mababu zao.

Nazungumzia kitu kikubwa kuliko matokeo ya Jumapili. Mtaani, klabu hii na mpinzani wake AFC Leopards, yaani Ingwe, zimo katika utani wa kinyozi, katika benga na isukuti, hata katika mahari. Debi yao haikuitwa Mashemeji bure. Waluo na Waluhya wa mitaa hii wameoana kwa vizazi, na kuna nyumba ambamo mke huvaa kijani, mume huvaa rangi za Ingwe, na chakula cha jioni hutegemea nani kafungwa.

Chukua majina tu. Nahodha Austin Oduor alikuwa Makamu. Tobias Ocholla akawa Jua Kali, Sammy Onyango akawa Jogoo, na kabla yao Allan Thigo aliitwa Ninety Minutes kwa pumzi zake zisizoisha. Upande wa Ingwe kipa Mahmoud Abbas alikuwa Kenya One, na Josephat Murila alikuwa Controller. Siku hizi klabu huajiri kampuni za matangazo zikae wiki nzima kubuni kitu cha aina hiyo. Haya yalitoka jukwaani na kwenye vibaraza, yakapokelewa na waandishi wa magazeti, na hadi leo mzee wa Bahati akikutajia Jua Kali hana haja ya kukueleza ni yupi.

Kisha kuna redio. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alitangaza mpira kwa namna ambayo "Kadenge na mpira" imebaki midomoni mwa vijana ambao hawakumwona Joe Kadenge wa Abaluhya FC akigusa hata jani la nyasi. Makanga husema hivyo dereva wake anapopenya msongamano pale Burma, na abiria wote wanaelewa.

Utamaduni huu ulitokea wapi? Mimi nina jibu moja, na najua wapo watakaolipinga: ulitokana na miguu. City Stadium iko katikati ya mitaa. Ilianza kuitwa Donholm Road Stadium enzi barabara yenyewe haijawa Jogoo Road, na kwenda kutazama mechi hakukuhitaji nauli. Watu walitoka Shauri Moyo, Maringo, Jerusalem na Mbotela wakitembea, wakiimba, wakijaza lile jukwaa walilolibatiza Russia. Mechi ikiisha walirudi vilevile kwa miguu, kwa hivyo hata mtoto asiye na hela ya kiingilio aliipata mechi mlangoni kwao: nyimbo, ngoma, majani ya mti mikononi, na majirani wawili wakibishania bao ambalo yeye hakuliona. Kufikia Jumatatu shuleni alikuwa anaweza kulisimulia bao hilo kama aliyekuwa nyuma ya goli. Mwanamuziki aliyepanga chumba Kaloleni alisikia kiitikio kikipita dirishani.

Desemba 1987 fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika ilichezwa Kasarani, uwanja uliokuwa ungali mpya baada ya Michezo ya Afrika ya mwaka huohuo. Gor walikuwa wametoka sare ya 2-2 na Esperance kule Tunis, wakatoka sare ya 1-1 hapa nyumbani, na kombe likabaki kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara hadi sasa. Kombe lilinyakuliwa Kasarani, lakini hadithi zake zilipikwa Eastlands, kwa sababu huku ndiko waliko walioweza kuzisimulia kila jioni bila kuchoka.

Sitaki kupaka asali. Wenye maduka ya Jogoo Road wanajua kwa nini walikuwa wakishusha shata siku ya mechi, na mama wa mboga aliyepinduliwa kibanda hakuambiwa pole na shabiki yeyote. Machi 2012 debi ya Nyayo iligeuka vurugu na moshi wa vitoa machozi baada ya kadi nyekundu. Kuna mashabiki wa kijani walioifanya jezi yao itishe watu kuliko inavyostahili, na uongozi wa klabu ulikuwa mwepesi kuwatetea. Mtu akiniambia alifurahi mpira ulipohamishwa kutoka mtaani, sina ubishi naye.

Ila tuangalie kilichoingia mpira ulipotoka.

Mechi kubwa zilipoondoka City, runinga ndiyo iliyojaza nafasi. Ligi ya Uingereza iliingia kwenye baa, kisha kwenye vibanda vya video vyenye viti vya mbao, na mwishowe kwenye simu. Leo matatu za Eastlands, kuanzia 58 za Buruburu hadi zile za Kayole na Dandora, hubeba ubavuni sura za wachezaji wa Arsenal, Liverpool na Manchester United. Kanuni za matatu za Waziri Michuki za mwaka 2004 ziliifuta michoro kwa muda, ikarudi kwa kishindo miaka kumi baadaye, na iliporudi ilirudi na Waingereza. Si jambo la kuchekea. Mei 2009, usiku Arsenal ilipofungwa 3-1 na Manchester United katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, kijana mmoja wa Embakasi alijitoa uhai. London haikuwa mbali tena na Eastlands.

Siwalaumu wachoraji. Mchoraji huchora kile ambacho mwenye gari anaamini kitaita abiria. Ninachouliza ni kwa nini K'Ogalo, yenye umati huu wote, imeshindwa kujiuza hata kwa watu wake. Majuzi nilisimama kwenye kibanda cha jezi Muthurwa. Za Arsenal zilining'inizwa mbele, zimepangwa kwa misimu. Ya Gor ilikuwa moja, nyuma ya begi za shule, kijani chake kimepauka begani kwa jua, na kifuani bado ina jina la SportPesa, kampuni iliyoacha kudhamini klabu hiyo mwaka 2019. Muuzaji alinipa bei bila hata kuiteremsha. Nilipomuuliza kama anazo mpya, alisema wateja huziulizia sana, ila yeye hajui pa kuzinunua kwa jumla.

Hebu soma tena jibu hilo ukiwa afisa wa klabu. Wateja wapo! Bidhaa ndiyo haipo.

Ni SportPesa hiyohiyo iliyowapeleka Gor hadi Goodison Park Novemba 2018, wakafungwa 4-0 na Everton, na mtaa mzima ukajivunia safari kana kwamba ilikuwa ushindi. Julai 2019 Everton walikuja Kasarani wakashindwa kwa penalti na Kariobangi Sharks, vijana wa mtaa wetu kabisa. Kabla ya hapo, mwaka 2008, Mathare United iliyotokana na chama cha vijana cha MYSA ilitwaa ubingwa wa ligi. Kama kuna matatu iliyowahi kuchora Sharks wakiwanyoa Everton, haijawahi kupita kituo changu.

Mtu ataniambia mitandao imechukua nafasi ya barabara, na kwamba K'Ogalo ina wafuasi wengi huko kuliko waliowahi kuingia City. Ni kweli wapo. Lakini wafuasi hao wanarudia nyimbo zilezile zilizotungwa wakati watu wakitembea, na majina mapya ya utani yanayodumu sijayasikia. Mchezaji wa sasa anafunga mabao ishirini, anauzwa ng'ambo, na mtaani bado tunamwita kwa jina la kwenye kitambulisho. Utani huhitaji watu wamwone mtu akipita. Ndiyo maana mashindano ya Koth Biro, yanayopigwa kila Desemba Ziwani, yangali na uhai wote ule: uwanja ni vumbi, mashabiki wako hatua mbili kutoka kwenye mstari, na winga akiteleza analipata jina jipya kabla hajainuka.

Serikali inajenga uwanja mkubwa Ngong Road kwa ajili ya Kombe la Afrika la 2027. Vizuri, tutakwenda, kwa matatu mbili na nauli ya kutosha. Ombi langu ni la kaunti, na ni dogo kuliko hilo. City Stadium ilipewa jina la Joe Kadenge mwaka 2019, alipofariki, lakini jina peke yake haliingizi mtu uwanjani. Iwekeni sehemu ya kuchezea inayokubalika na Ligi Kuu, vyoo vinavyofanya kazi, na milango ya kutosha ili umati usikanyagane. Polisi wapange njia ya mashabiki mapema na wenye maduka washirikishwe, na klabu ilipe gharama ya kila kibanda kitakachovunjwa na watu wake. Halafu ratiba iwape Gor na Leopards angalau mechi chache za nyumbani pale kila msimu, saa tisa alasiri, kiingilio kikiwa cha mtu wa Makongeni.

Na wewe msomaji mwenye matatu: msimu huu unapopeleka gari kwa mchoraji, muulize anataka kiasi gani kumchora Makamu.