Usafi wa vioo: Kazi itangulie, kirikuu ifuate

MWISHONI mwa Julai 2025, Serikali ya Tanzania ilitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Wengi waliisoma amri hiyo kwa jicho la Kariakoo, kwa kuwa mjadala mkubwa ulihusu maduka ya jumla na rejareja. Hata hivyo, katika orodha hiyo yamo mambo mengine mawili yanayowagusa wakulima na wafanyabiashara wadogo moja kwa moja: ununuzi wa mazao shambani, na usafi wa nyumba, ofisi na mazingira.

Usafi haukupata vichwa vikubwa vya habari, lakini ni kazi inayokua. Majengo yenye vioo yameongezeka Dar es Salaam, na pia Dodoma tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba Serikali itahamia huko. Matawi ya benki, maduka ya simu, hoteli, zahanati binafsi na maduka ya vituo vya mafuta yote yanataka mteja aone ndani. Pwani, upepo wa bahari huacha chumvi kwenye vioo. Dodoma, ambako mvua ni za msimu mmoja na kiangazi ni kirefu, adui ni vumbi.

Ndiyo maana vijana wengi, na hata wakulima waliouza mazao na kubaki na akiba, wanafikiria kununua gari dogo, kulifunga tangi na pampu, na kuzunguka ofisi kwa ofisi wakisafisha vioo. Wazo ni zuri. Tatizo ni mpangilio wake: wengi huanza na gari, kisha ndipo hutafuta kazi. Hesabu zinaonyesha kwamba mpangilio huo ndio unaoua biashara mapema.

Maji ni mzigo

Gari linalotajwa zaidi ni kirikuu, kwa sababu bei yake ni nafuu kuliko magari mengine ya mizigo na halinywi mafuta mengi. Nyingi ya gari hizi hutoka Japani, ambako sheria huliwekea gari la daraja hilo mipaka miwili: injini isiyozidi sisi 660 na mzigo usiozidi kilo 350.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Maana yake, tangi la lita 500 likijaa ni nusu tani, kabla ya kuhesabu tangi lenyewe, pampu, betri, mpira wa maji na ngazi. Mtu anayefunga tangi hilo kwenye kirikuu amezidisha mzigo kabla hajawasha gari. Breki huchelewa kushika, springi hulala, matairi huisha upesi, na faida ya mwezi huishia kwa fundi.

Aidha, maji si mzigo unaotulia kama magunia ya mahindi. Tangi lililojaa nusu ni la hatari zaidi kwenye kona na wakati wa kufunga breki, kwa kuwa maji hukimbilia upande mmoja na kulivuta gari. Kwa hiyo kirikuu ibebe tangi la lita 200 au 250, fupi na pana, lenye kuta za ndani za kuyagawa maji. Likae karibu na kichwa cha gari, na fremu yake ifungwe kwa bolti hadi kwenye chesisi. Kamba ya manila haitoshi. Anayehitaji lita 500 kila siku atafute gari kubwa zaidi, kama Hiace ya mizigo.

Je, lita 250 zinatosha? Inategemea njia ya kazi. Njia ya zamani ya ndoo, sabuni, sifongo na mpira wa kukaushia kioo hutumia maji kidogo mno. Ndoo moja au mbili humaliza mbele ya duka zima. Njia ya pili ni ya mti mrefu wenye brashi unaopokea maji kwa mpira kutoka kwenye gari. Huo hufika ghorofa ya pili na ya tatu bila ngazi, lakini hutumia lita moja hadi mbili kwa dakika. Kazi ya saa nne bila kufunga maji ni kati ya lita 240 na 480. Anayesafisha maduka ya chini hana sababu ya kubeba tangi kubwa.

Chumvi ndiyo doa

Jambo la pili ni aina ya maji. Mti wa brashi hufanya kazi bila kufuta: kioo huoshwa na kuachwa kikauke chenyewe. Kama maji yana chumvichumvi, yakikauka huacha madoa meupe, na mteja hataita tena. Visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vilivyo karibu na bahari, vina chumvi. Maji ya kisima yanayofaa kuoshea gari au ua hayafai kwa kazi hii.

Maji yanayofaa ni yale yaliyochujwa kwa mtambo wa msukumo, wa aina ileile inayotumiwa na wauzaji wengi wa maji ya kunywa mitaani. Anayeanza hahitaji kununua mtambo. Anaweza kununua maji kwa wenye mitambo na kuyapima kwa kifaa kidogo cha mkononi kinachoonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo kioo kinavyokauka bila doa. Atakayenunua mtambo baadaye akumbuke kwamba sehemu kubwa ya maji yanayoingia hutoka kama maji taka yenye chumvi nyingi, na bili huyahesabu yote.

Ipo pia njia ambayo mkulima anaifahamu: maji ya mvua. Yakivunwa kwenye bati safi, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe vumbi, huwa na chumvi kidogo sana. Vuli na masika vinaweza kumpa mjasiriamali wa Dar es Salaam maji ya wiki kadhaa kwa gharama ya tangi tu. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgawo wa maji, waliokuwa na akiba nyumbani ndio waliokuwa na nafasi ya kuendelea na shughuli zao.

Kuhusu pampu, zile ndogo za volti 12 ni za aina moja na zinazofungwa kwenye mabomba ya betri ya kupulizia dawa shambani, hivyo fundi na vipuri si vya kutafutwa mbali. Lakini bomba lililowahi kubeba kiuatilifu lisitumike kamwe kwenye madirisha ya watu. Pampu nayo iwe na betri yake, tofauti na ya kuwashia gari, la sivyo jioni gari litasukumwa.

Hesabu ya mwezi

Chukua mfano wa kukadiria, ambao kila mtu anaweza kuubadilisha kwa bei za mtaani kwake. Mwenye gari la mkopo ana rejesho la Sh600,000 kwa mwezi, mishahara ya vijana wawili Sh600,000, akiba ya matengenezo na matairi Sh150,000, bima, leseni na maegesho ya usiku Sh110,000, simu na mengineyo Sh40,000. Jumla ni Sh1,500,000, kazi ipatikane isipatikane.

Kama kila kazi inalipwa Sh60,000, na mafuta, maji na sabuni vinakula Sh15,000, hubaki Sh45,000. Atahitaji kazi 34 kwa mwezi ili tu asipate hasara.

Mwenzake asiye na gari anakodi bajaji kwa Sh12,000 kwa kila kazi, anawalipa vijana wawili Sh20,000, na sabuni na maji ni Sh3,000. Anabakiwa na Sh25,000 tu kwa kazi ileile. Lakini gharama zake za kudumu kwa mwezi ni Sh90,000. Kazi nne zinamtoa kwenye hasara.

Wote wawili wakipata kazi 40 kwa mwezi, mwenye gari anabaki na Sh300,000 na mwenye bajaji anabaki na Sh910,000. Ni hadi wafikishe kazi 71 ndipo gari linapoanza kumshinda bajaji. Kwa maneno mengine, katika mfano huu gari ni la mtu ambaye tayari ana karibu kazi tatu kwa siku, siku 26 za mwezi.

Wakulima wanaijua hesabu hii kwa jina jingine. Baada ya kuzinduliwa kwa Kilimo Kwanza mwaka 2009, pawatila zilisambazwa wilayani. Zile zilizokosa ekari za kutosha ziliishia kuvuta tela badala ya kulima. Mashine hulipwa na ekari. Gari la vioo hulipwa na idadi ya kazi.

Kuna njia ya kupunguza mzigo huo. Tangi likifungwa kwa namna ya kuweza kutolewa, kirikuu inaweza kubeba mboga na matunda alfajiri kabla ya ofisi kufunguliwa. Ikiingiza Sh400,000 safi kwa mwezi kwa njia hiyo, kazi za vioo zinazohitajika ili kumshinda bajaji hushuka kutoka 71 hadi 51. Hata hivyo, kubeba mizigo ya watu kwa malipo kunahitaji kibali cha LATRA, na sabuni zisikae pamoja na mchicha.

Mlango umefunguliwa, uzio upo

Amri ya 2025 inampa adhabu asiye raia anayekiuka, lakini haimwachi raia anayemsaidia: faini ya Sh5 milioni au kifungo cha miezi mitatu. Kijana anayeombwa kuandikisha leseni kwa jina lake huku gari na faida ni vya mwingine, ajue anachokiuza.

Kwa upande wa mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kukosa riba hakuufanyi mkopo kuwa zawadi. Kikundi kinachonunua gari kabla ya kupata wateja hudaiwa na kila mwanachama hubeba deni. Makundi hayohayo yametengewa asilimia 30 ya ununuzi wa umma, na zabuni hupitia mfumo wa NeST, ambako ofisi za Serikali hutangaza kazi zao. Kikundi kijisajili huko kwanza.

Suala la usalama halina mjadala. Miti ya brashi ya nyuzi za kaboni hupitisha umeme, na mitaa mingi ina nyaya zinazopita karibu na madirisha ya ghorofa. Maghorofa marefu yaachiwe kampuni zenye vifaa vya kamba na mafunzo. Mwenye waajiriwa, hata wawili, awaandikishe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa kuwa anguko moja linaweza kumaliza mtaji wote.

Kwa hali hiyo, mwenye akiba ya mavuno anayetazama kazi hii anashauriwa kuanza na ndoo, mpira wa kukaushia, na orodha ya maduka 20 yaliyo karibu yanayokubali kusafishiwa kila wiki. Maduka hayo 20 ni takriban kazi 80 kwa mwezi. Yakikubali na yakalipa kwa miezi mitatu mfululizo, daftari lake lenyewe litamwambia kwamba wakati wa kwenda kuangalia kirikuu umefika. Yasipokubali, atakuwa amepoteza ndoo na muda, na akiba ya shamba itabaki kununua mbegu za msimu ujao.