Ile asilimia mbili ya utafiti iko wapi?

Mvua ikichelewa Ruiri, mkulima hushika jani la maharagwe, analikunja kidogo, kisha anaangalia juu. Hicho ndicho kipimo tulicho nacho.

Kuna kingine. Mawimbi ya terahetsi, yaliyo kati ya maikrowevu na mwanga wa infraredi, hunyonywa sana na maji. Yaelekeze kwenye jani: likiwa na maji mengi yatapungua, likiwa limekauka yatapita. Unajua kiu ya mmea bila kuukata. Shida ni kwamba mawimbi haya ni kichwa ngumu, kuyazalisha na kuyaongoza kumesumbua wanasayansi miaka mingi.

Hapo ndipo wanafunzi wa PhD wanaingia, na semikondakta zao. Silikoni safi huyaachia mawimbi yapite. Imulike kwa leza, elektroni zinaachiliwa ndani yake na mawimbi yanazuiwa. Zima leza, njia inafunguka. Ni kama geti na soja, sema tu soja ni mwanga.

Sasa nije kwa kinachoniuma. Upande wa pili wa Mlima Kenya, Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited. Mei 2024, Rais Ruto akiwa Washington, Marekani ilitangaza nia ya kuifanya Kenya nchi ya kwanza Afrika kunufaika na pesa za sheria yake ya chipu. Tulishangilia, na sawa. Lakini kutengeneza chipu ya mtu mwingine ni kazi moja. Kuvumbua kifaa chako ni nyingine, na hiyo huanza na mtu aliyefungiwa maabara miaka minne akipima kipande kimoja.

Nani anamlipa huyo? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Bado hatujafika huko.

Mimi niliacha chuo karo ilipoisha, kwa hivyo sitetei vyeti hapa. Ila Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, si mbali na Ruiri. Msichana wa hapa akitaka kusomea mawimbi haya, apewe leza na pesa ya kula. Si semina na tishati.

Bajeti husomwa Juni. Kabla ya hapo, mbunge wako akija matangani, muulize ile asilimia 2.